Kizibo cha Makumbi

Revelian alikuwa dresa katika hospitali ndogo ya Temeke, kazi yake kuosha vidonda na kuvifunga, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wote waliofanya kazi naye. Alikuwa anauliza mno. Mtu akija na mguu uliokatwa na jembe, dresa mwingine angeosha, angetia dawa, angefunga bandeji, mgonjwa akaenda zake. Revelian alitaka kujua jembe lilishikwaje, mpini ulikuwa wa mti gani, na kwa nini mtu alime huku ametanguliza mguu wa kushoto. Wagonjwa walimpa jina la Bwana Kwanini. Walisema afadhali maumivu ya kidonda kuliko maswali ya dresa, lakini walisema huku wanacheka, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mgonjwa.

Kwao kulikuwa Bukoba. Alisomea misheni, akaingia jeshini wakati wa vita vya Hitla, na huko ndiko alikofundishwa kazi ya vidonda. Vita vilipokwisha alishuka Dar es Salaam na mkewe Auleria, akaahidi kwamba ni kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ule ulivutika hadi ukafika kumi na moja. Sasa alikuwa na chumba na ukumbi, baiskeli nyeusi aliyoipenda kupita kiasi, na tumbo lililokwisha kuukubali muhogo na samaki, ingawa kila Jumapili lilinung'unikia ndizi za kwao.

Mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa saba, mafua makubwa yakaingia mjini. Watu walisema yameletwa na meli, na huenda ni kweli, kwa sababu waliotangulia kulala walikuwa makuli wa bandarini. Wiki mbili baadaye kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa chini ya shuka. Vilabu vya pombe vilifungwa kwa kukosa wanywaji, na misikitini na makanisani safu zikawa na mapengo. Baraza la hospitali lilijaa mikeka kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji. Madresa walikuwa watano, wakaangukia kitandani watatu, akiwemo Fransis, aliyefanya kazi na Revelian kwa miaka sita bila kuhitaji kuambiana neno. Nyumbani Auleria naye alishikwa. Revelian alimpikia uji alfajiri, akamwekea karibu na mkono, akapanda baiskeli kwenda kazini huku moyo umebaki nyuma.

Karani wa hospitali alipougua, daftari la majeruhi likaangukia mikononi mwa Revelian. Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila ukurasa ulikuwa na mahali pa jina, pa kijiji, pa jeraha, na mwisho kabisa pa sababu. Mtu mwingine angeandika anachotakiwa kuandika, akalifunga. Revelian akaanza kulisoma kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, kila alipopata nafasi ya kukaa.

Ndipo alipoona jambo. Tangu mafua yaingie, majeruhi walikuwa wamepungua sana, na hilo halikumshangaza. Wakwezi hawakuanguka minazini kwa kuwa walikuwa wamelala. Walevi hawakuchomana visu kwa kuwa pombe haikuwako. Lakini jeraha moja, badala ya kupungua, lilikuwa limeongezeka. Katika miaka mitatu iliyopita, kila msimu wa mavuno, hospitali ilipokea watu wawili walioumizwa na bunduki, na mwaka mmoja watatu. Sasa, katika wiki tano za mafua, walikuwa wamekuja sita.

Alimpelekea daktari daftari lile. Daktari alikuwa Mzungu mwema aliyekonda kwa uchovu, naye akasema watu wana homa, wanaweweseka, wanashika wasichopaswa kushika. Revelian alirudi wodini na jibu hilo, akaligeuzageuza, likakataa kumwingia akilini. Wale sita aliwapima joto mwenyewe walipoletwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa.

Inafaa nieleze bunduki zenyewe. Hazikuwa za jeshi. Zilikuwa magobore, bunduki ndefu za kujazia mdomoni, zilizoandikishwa bomani kwa ajili ya kulinda mashamba. Kuanzia Mbagala kwenda mbele, nguruwe wa porini wanaweza kumaliza shamba la muhogo kabla mwenyewe hajaamka, na mchana ngedere wanakuja kumalizia kilichobaki. Kwa hiyo kila penye nyumba kumi palikuwa na mtu mmoja mwenye gobore. Humimina baruti mdomoni, hutia matambara na vipande vya chuma, kisha hushindilia kwa ufito uitwao mdeki. Fataki hupachikwa nyuma wakati wa kufyatua. Revelian alizijua bunduki za vitani, lakini hizi hazikumwingia vizuri, na ndiyo sababu alipenda kuziulizia.

Mtu wa sita aliitwa Nassibu, mkulima wa Mbagala. Aliletwa Jumatano alasiri amelazwa kwenye mkokoteni, mkono wa kushoto umezungushiwa kanga iliyolowa damu. Vidole viwili havikuwako tena. Shavu liliungua kwa baruti na jicho moja lilikuwa limevimba hata halionekani. Daktari alikata palipobidi kukatwa, Revelian akashona, na Nassibu aliuma ncha ya shuka bila kutoa sauti. Alipopata nafuu kidogo akaeleza kwamba gobore halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, Mwishehe, kaka wa mkewe. Alilijaza vizuri kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, akawalenga ngedere, akafyatua, na mtutu ukapasuka mkononi mwake.

Siku mbili baadaye polisi walimkamata Mwishehe. Hapo mambo yakawa mazito.

Mashamba ya Mwishehe na Nassibu yalipakana, na mwezi wa tatu wawili hao waligombana hadharani juu ya minazi minne iliyosimama mpakani. Mwishehe alisema mbele ya watu kwamba shemeji yake atakuja kujuta. Ni maneno ya hasira ambayo kila mtu amewahi kuyasema, lakini jumbe, mkuu wa kijiji pale, aliyakumbuka. Fundi wa bunduki aliyepelekewa vipande vya mtutu alisema bunduki ile ilikuwa na baruti maradufu. Sajini Albano, aliyepewa kesi, akajumlisha ugomvi, baruti na maneno ya mwezi wa tatu, akaona hesabu imetimia: Mwishehe aliijaza bunduki makusudi, akamwazima shemeji yake bila kumwambia, ili imwue. Jumatatu ya wiki ya pili faili lingepelekwa kwa hakimu. Kwa kosa la kujaribu kuua, Mwishehe angeweza kufungwa mpaka ndevu ziote mvi.

Kila siku saa sita Chausiku alifika hospitali. Ndiye mke wa Nassibu na ndiye dada wa Mwishehe, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, bado ana kikohozi cha mafua. Alikuja kwa miguu kutoka Mbagala na kikapu kimoja chenye bakuli mbili. Moja alimpa mumewe, akamlisha kwa mkono wake. Ya pili aliifunika tena, akaenda nayo kituo cha polisi kumpelekea kaka yake. Revelian alimtazama akitoka na kile kikapu, akaona uchungu ambao hata yeye hakujua aufunge kwa bandeji gani.

Alimwuliza, kwa upole, kama anajua kaka yake aliijaza bunduki lini. Chausiku akainama kukusanya vitu vyake. Dresa akamwuliza bunduki ilifikaje kwa Nassibu. Chausiku akasema yeye ndiye aliyeibeba, kwa sababu kaka yake alikuwa hoi kwa homa na ngedere walikuwa wameingia kwenye mahindi ya nyumba zote mbili. Kisha akaaga, na siku hiyo hakusema zaidi.

Mwishehe naye alikuwa bado anakohoa, kwa hiyo daktari alimtuma Revelian ampelekee dawa kituoni. Alimkuta ameketi sakafuni, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, mpole kuliko alivyotarajia.

"Bunduki ni yangu," alisema Mwishehe, "na niliijaza mie, asubuhi ile kabla homa haijaniangusha. Hayo nimeshamwambia sajini."

Revelian akamwuliza kama alimpelekea shemeji yake habari kwamba imejazwa. Mwishehe aliipokea chupa ya dawa.

"Dresa," akasema, "wewe funga vidonda."

Revelian aliendesha baiskeli kurudi huku anajiuliza kwa sauti, hata muuza kahawa mmoja akadhani anasalimiwa. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Mtu mwenye hatia hutunga uongo. Huyu hakufanya hata moja. Kwa nini mtu aone jela inamkodolea macho, asifungue mdomo?

Jibu la kwanza lilikuja kwa njia asiyoitarajia, na lilikuja kwenye sinia.

Kwa kuwa Fransis alikuwa mgonjwa, wodi ya wazazi ilimwazima Revelian nesi mmoja, Demetria, binti mchapakazi. Alhamisi ile aliletwa mtu aliyepasuka paji la uso. Revelian akanyoosha mkono kwenye sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, akachukua sindano na koleo, na alikuwa ameshamkaribia mgonjwa alipoona kwenye koleo alama ndogo ya damu iliyokauka. Akasimama. Vyombo vilivyofunikwa ni vyombo vilivyochemshwa, hiyo ndiyo desturi ya wodi yake, yeye na Fransis hawakuwahi hata kuisema kwa mdomo.

"Mbona umefunika vichafu?" akauliza.

"Kwa ajili ya nzi," akasema Demetria. "Kwetu tunafunika vilivyotumika. Visafi viko kwenye maji ya moto, vya nini kuvifunika?"

Alikuwa na haki kabisa. Katika wodi ya wazazi desturi yao ilikuwa nzuri, na katika wodi ya majeruhi desturi yao ilikuwa nzuri vilevile. Hatari ilizaliwa siku mtu wa huku aliposhika sinia la kule. Revelian alibaki ameshika koleo hewani mpaka mgonjwa akamkumbusha kwamba damu inamwingia jichoni. Akamwomba radhi, akachemsha vyombo upya, akamshona, na mara tu alipokata uzi alikwenda wodini karibu kwa kukimbia.

Kati ya majeruhi sita wa bunduki, wanne walikuwa bado wamelazwa. Alimfuata mmoja mmoja na swali ambalo hakuwahi kulifikiria mwanzo: bunduki uliyoshika ni ya nani? Yule wa kwanza alisema ni ya jirani aliyelala kwa mafua. Wa pili alisema ni ya mjomba wake, naye hajiwezi kwa mafua. Nassibu, ya shemeji. Wa nne alikuwa mzee aliyetumia bunduki yake mwenyewe. Huyo alikiri, baada ya kubanwa sana, kwamba baruti yake ilipata unyevu akaikausha kwenye kikaango, na hakuona ubaya wowote wa jambo hilo mpaka nyusi zilipokwenda. Revelian akamwacha na kikaango chake.

Akawarudia wale watatu. Ulipoichukua bunduki, ilikuwaje? Wakaeleza kila mmoja kwa maneno yake, lakini kitu kimoja kilijirudia. Mdomoni mwa mtutu palikuwa na kizibo cha makumbi, yaani zile nyuzi za ganda la nazi zilizosokotwa.

"Na kizibo maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake ni tupu," alisema Nassibu kutoka kitandani, kana kwamba ameulizwa maji ni nini. "Marehemu baba alikuwa anaziba bunduki ikipumzika, nyigu wasijenge udongo wao ndani. Ukiona kizibo, ujue hamna kitu. Unakitoa, unajaza."

Revelian akamwuliza kama mdeki haukumwonyesha kwamba ndani mna kitu. Nassibu akasema ule wa baba yake ulikuwa na mkato wa kuonyesha kama mtutu umejaa, lakini mdeki wa shemeji hakuujua, na ngedere hawampi mtu nafasi ya kupima.

Jumapili, baada ya misa, Revelian hakwenda nyumbani kupumzika kama Auleria alivyomwagiza. Alipanda baiskeli kwenda Mbagala. Njia ilikuwa ya mchanga, nusu aliendesha, nusu alisukuma. Akafika nyumbani kwa Mwishehe, akamkuta mkewe, Mwanabaraka, anatwanga huku macho yamemvimba kwa kulia. Akamwamkia, akamweleza yeye ni nani, akamwuliza mumewe alikuwa na desturi gani na bunduki yake.

Mwanabaraka akamwonyesha kigingi ukutani ilipokuwa ikitundikwa. Akasema mumewe, akishaijaza, huziba mdomo kwa makumbi ili baruti isinyonye unyevu wala isimwagike, na kila mtu wa nyumba ile, hata wadogo, anajua kwamba yenye kizibo haiguswi. Ikiwa tupu huachwa wazi.

Jirani yao, Bwana Marijani, aliyekuwa na gobore lake mwenyewe, alisogea kusikiliza. Akasema yeye huziba iliyo tupu. Akasema pia kwamba kule Kongowe kwa wakwe zake wanaziba iliyojaa. Hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni tatizo, kwa kuwa bunduki ya mtu haikuwa inaguswa na mtu mwingine. Unaijaza mwenyewe, unaifyatua mwenyewe, haiazimwi, kama mswaki. Mpaka mafua yalipokuja kuwalaza wenyewe, na ngedere wasilale.

Revelian alifurahi mno, furaha ya mtu aliyefungua fundo la siku nyingi. Alimshukuru Marijani mara tatu. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli anaondoka alipouliza swali moja la mwisho, kwa mazoea tu. Alimwuliza Mwanabaraka kama wifi yake, Chausiku, aliwahi kuishi katika nyumba hii.

"Amelelewa hapa," akasema Mwanabaraka. "Wazazi wao walikufa mapema. Kaka yake ndiye aliyemkuza, akamwoza."

Furaha yote ikamtoka. Alisukuma baiskeli kwenye mchanga hata pale ambapo angeweza kuipanda. Chausiku alikulia nyumba ambayo kizibo maana yake imejaa, akaolewa nyumba ambayo kizibo maana yake ni tupu. Katika watu wote walioigusa bunduki ile, ni yeye peke yake aliyezijua desturi zote mbili, na ni yeye aliyeibeba. Mwishehe bila shaka alimpa neno la kupeleka. Sasa ilieleweka kwa nini mtu yule hakufungua mdomo. Angesema, "Nilimwambia dada yangu," angetoka jela, na dada yake angebaki na mume aliyepoteza vidole kwa sababu yake. Alichagua jela.

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Auleria alikuwa ameketi mlangoni, siku yake ya kwanza kutoka kitandani. Revelian akamweleza yote, kisha akasema kwamba kuna swali ambalo hataki kuliuliza.

Auleria akamgusa paji la uso. "Naona sasa umeugua wewe," akasema.

Jumatatu asubuhi, kwa ombi la daktari, Sajini Albano alipita hospitali kabla ya kwenda kwa hakimu. Alikuja na Mwishehe amefungwa pingu. Wakaketi barazani, Nassibu ameegeshwa kwenye kiti, mkono umefungwa, jicho limeanza kufunguka. Chausiku alikuwa ameketi kwenye ngazi na kikapu chake. Siku hiyo aliwahi.

Revelian alieleza kwa daftari mkononi. Akasema habari ya majeruhi sita na ya wenye bunduki waliolala kwa mafua. Akaeleza habari ya kizibo, mpaka na sinia la Demetria. Sajini hakuamini, kwa hiyo Revelian akachomeka makumbi kwenye mdomo wa bomba la pampu ya baiskeli yake, akawaita wakulima wanane kutoka mikeka ya wagonjwa waliopata nafuu. Akawauliza, kama hii ingekuwa gobore, ingekuwa imejaa au tupu? Watatu walisema imejaa. Watano walisema tupu. Halafu wakaanza kubishana wao kwa wao kwa ukali hata mmoja akapatwa na kikohozi, ikabidi wanyamazishwe.

Sajini Albano alivua kofia, akaiweka gotini. Hakuwa mtu mbaya. Akasema analiona jambo lenyewe, lakini limebaki moja, na bila hilo hawezi kufunga faili. Akamgeukia Mwishehe, akamwuliza kama alipeleka neno lolote pamoja na bunduki.

Revelian alikaza macho kwenye daftari.

"Sikupeleka," alisema Mwishehe. "Niliona kizibo kinatosha. Uzembe ni wangu. Andika hivyo."

Sajini akachovya kalamu.

"Alipeleka," alisema Chausiku.

Alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Kaka aliniambia, kamwambie mumeo ina kitu ndani, asishindilie tena. Mie nilikuwa na homa, kichwa kinagonga, ile njia naiona mbili mbili. Nilipofika nikamkabidhi nikalala. Nilipoamka, nimeamshwa na mlio." Akamtazama kaka yake. "Siku zote hizi nakuletea chakula, nawe hunambii hata neno la kunilaumu. Siwezi tena, kaka."

Mwishehe aliinamisha kichwa. Sasa kila mtu alimtazama Nassibu, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nassibu aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akamtazama mkewe kwa lile jicho moja zima.

"Hukusahau, Chausiku," alisema. "Ulianza. Ulisimama mlangoni ukasema, kaka anasema, halafu ukakohoa ukashika ukuta. Mie ndiye niliyekukatiza. Nilikwambia nenda ukalale, maneno ya kaka yako yatangoja kesho." Akauegesha mkono gotini. "Nimelala hapa siku kumi na mbili nikijiuliza ulitaka kusema nini. Nikaogopa kukuuliza."

Chausiku akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia kilio alichokuwa amekibeba kutoka Mbagala kila siku pamoja na kile kikapu. Sajini Albano aliifuta kalamu yake, akafunga faili, akatoa ufunguo wa pingu. Alisema atamweleza mkubwa wake, na kwamba wenye magobore wote wataitwa kwa jumbe wapatane alama moja, na makumbi yasiwemo.

Baadaye, barazani palipotulia, daktari alimkumbusha Revelian kwamba majeruhi wale bado hawajajaziwa sababu katika daftari. Revelian akaketi. Mbele ya jina la mzee wa nyusi aliandika "kikaango". Mbele ya Nassibu na wale wengine waliokuwa na kizibo aliandika "mafua". Daktari akaweka kidole kwenye neno lile, akauliza kwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja mtu kumwuliza Revelian neno hilo.

Ilikuwa saa sita. Chausiku alikuwa ametoa bakuli mbili kikapuni. Alizitazama, kisha akamimina moja ndani ya nyingine, akaweka ile iliyojaa kati ya wanaume wawili. Mkono mzima wa Nassibu ulikuwa bado dhaifu. Mwishehe, mikono yake ina alama za pingu, alimchambulia shemeji yake samaki, akatoa miiba mmoja mmoja, akamsogezea minofu upande wake. Revelian alipita karibu yao na sinia la vyombo, akatamani sana kujua ile minazi minne ya mpakani itakuwa ya nani sasa, akapita moja kwa moja kwenda kuvichemsha.